Kipimo cha mishipa ya moyo na figo za bimkubwa: jibu kwa msomaji wa Wete

SWALI: Assalamu alaykum, daktari. Mama yangu ana miaka 64, tunaishi Wete, Pemba. Ana sukari kwa miaka mingi, na presha. Tangu mwaka jana kifua kinambana akitembea hata kutoka nyumbani hadi sokoni. Tulipelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, na sasa tumepewa rufaa ya Dar es Salaam akafanyiwe kipimo cha mishipa ya moyo. Wamesema huenda wakamwekea stenti, kijibomba cha kuushikilia mshipa uwe wazi, papo hapo. Karatasi ya maabara inasema kreatinini 138. Shangazi anasema dawa wanayoingiza inaua figo. Jirani yetu alifanyiwa kipimo hicho, na baada ya mwezi na zaidi akaanza kusafishwa damu kwa mashine. Sasa mama hataki kwenda. Isitoshe, akila kamba midomo humvimba, na tumeambiwa mtu wa namna hiyo dawa hiyo haimfai. Je, tukatae? Na tukienda, tufanye nini?

JIBU: Waalaykumu salaam. Msikatae. Nendeni, lakini nendeni mmejitayarisha, kwa sababu sehemu kubwa ya kinga ya figo hufanyika kabla mgonjwa hajapanda kitandani na baada ya kushuka, na sehemu hiyo imo mikononi mwenu zaidi kuliko mikononi mwa daktari wa moyo.

Tuanze na hiyo 138. Kreatinini ni taka ambayo figo huitoa kwenye damu, na figo zikidhoofika hupanda. Peke yake haisemi mengi, mpaka uijue ni ya nani. Kijana wa kiume wa miaka 25 mwenye 138 figo zake zinachuja kiasi cha mililita 63 kwa dakika. Kwa mwanamke wa miaka 64, namba hiyo hiyo ina maana ya 37 hivi. Mwenye figo nzima huwa na 90 au zaidi. Kwa hiyo bimkubwa ameshapoteza zaidi ya nusu ya nguvu za figo zake, na ninavyoona hakuna aliyekukalisha chini akakueleza hivyo. Karatasi ilitolewa tu na namba yake. Andika 37 pembeni ya ile 138, uende nayo Dar es Salaam, kwa sababu mipango yote ninayoeleza hapa chini inaizunguka hiyo 37. Na kama damu ile ilitolewa zaidi ya wiki chache nyuma, irudiwe kabla ya safari.

Sasa dawa yenyewe. Eksirei haiuoni mshipa wa damu, hupita tu. Ndiyo maana daktari hupitisha mrija mwembamba mkononi au kwenye paja mpaka kwenye mishipa ya moyo, akamiminia dawa yenye iodini ambayo eksirei huiona. Hospitali huiita kontrasti. Ikishafanya kazi yake haina njia nyingine kubwa ya kutoka isipokuwa figo. Kwa mwenye figo nzima nusu yake hutoka ndani ya saa mbili hivi, na karibu yote ndani ya siku moja. Kwa mwenye figo dhaifu hukaa zaidi. Wakati inapita, hubana mishipa midogo ya ndani ya figo, na kwa uzito wake hupita polepole katika vijimirija vya mkojo na kuziumiza chembe zilizovitanda. Sehemu ya ndani ya figo hata siku za kawaida hufanya kazi kwa oksijeni kidogo. Ni kama nyumba ya mwisho kwenye bomba la mtaa: maji yakipungua kidogo tu, yenyewe ndiyo ya kwanza kukauka. Kwa hiyo mtu aliyepungukiwa maji mwilini, aliyetapika, aliyeharisha au aliyemeza dawa inayobana mishipa ya figo, huumia kwa kiasi cha kontrasti ambacho mwingine asingekihisi.

Hatari ni kubwa kiasi gani? Mwaka 2004 Roxana Mehran na wenzake wa New York walichapisha hesabu ya pointi iliyotokana na wagonjwa 8,357 waliozibuliwa mishipa ya moyo. Sukari ni pointi 3, figo za kiwango cha bimkubwa pointi 4, na kila mililita 100 za kontrasti pointi 1. Kama moyo wake haujashindwa kusukuma damu, presha yake haijaanguka na damu yake haijapungua, na kontrasti ikawa mililita 100, anapata 8. Katika kundi hilo watu 14 kati ya 100 kreatinini yao ilipanda. Waliofika hatua ya kusafishwa damu walikuwa mmoja hivi kati ya 1,000. Naomba umsomee mama namba hizo mbili pamoja, kwa sababu shangazi ameisikia ya kwanza akaidhania ni ya pili. Kreatinini kupanda kwa siku chache na kurudi ni jambo moja. Figo kufa ni jambo jingine.

Ila angalia hapo: akiwa na upungufu wa damu zinaongezeka pointi 3, anafika 11, na kundi hilo ni watu 26 kati ya 100. Wenye figo dhaifu wengi wana upungufu wa damu bila kujua. Hemoglobini ipimwe sasa, muda wa kuitibu ungalipo.

Kuhusu jirani yenu, sijamwona na sitamsemea. Nitasema tu kwamba madhara ya kontrasti yana mwendo unaojulikana: kreatinini huanza kupanda ndani ya siku moja au mbili, hufika kilele siku ya tatu hadi ya tano, na kwa wengi hurudi ilipokuwa ndani ya wiki mbili. Tatizo linaloibuka baada ya mwezi na zaidi hunifanya nifikirie mambo mengine: figo zilizokuwa zimekwisha tangu awali bila mtu kuzipima, dawa za maumivu zilizoendelea kumezwa nyumbani, au mafuta yaliyoganda kwenye mshipa mkuu wa damu yakabanduliwa na mrija na kusafiri hadi kwenye figo. Hilo la mwisho lipo, si la kawaida, na dalili yake moja ni vidole vya miguu kugeuka rangi ya zambarau wakati mapigo ya damu mguuni yapo.

Na kukataa nako kuna bei yake. Kifua kinachobana kwa mwendo wa kwenda sokoni ni mshipa unaolalamika. Ukiziba kabisa, atapelekwa kwa dharura, presha imeanguka, usiku, hakuna aliyemwandaa, na atapewa kontrasti hiyo hiyo katika hali ambayo figo huumia zaidi. (Ikitokea hivyo kabla ya tarehe yenu, Mungu aepushe, msizuie chochote kwa sababu ya figo. Moyo kwanza.)

Haya, matayarisho. Dawa za maumivu ndizo zinazonitia wasiwasi kuliko zote. Mwanamke wa umri ule mara nyingi huumwa magoti, na dukani atauziwa diklofenaki, ibuprofeni, meloksikamu au piroksikamu bila cheti. Zote hubana damu inayoingia kwenye figo. Aziache tangu leo unaposoma, za vidonge na za sindano, na kwa figo zile asizirudie tena hata baada ya kipimo. Goti likiuma ameze paracetamoli. Dawa za miti za "kusafisha figo" nazo ziwekwe kando. Ndani ya chupa hujui kuna nini, na figo za 37 hazina akiba ya kubahatisha. Akiugua homa njiani akaandikiwa antibiotiki, mwambieni daktari kwamba figo zake ni dhaifu, maana ipo gentamisini, na hiyo ikikutana na kontrasti ni shida juu ya shida.

Metfomini, kidonge cha sukari, kama anaimeza, aisimamishe siku ya kipimo na asiirudie mpaka zipite saa 48 na damu ipimwe tena. Watu hudhani metfomini huharibu figo. Haiharibu. Shida ni kwamba figo zikilegea ghafla hujikusanya mwilini na kuifanya damu kuwa na asidi, na hilo linaweza kuua. Vidonge vya sukari vinavyoshusha haraka, kama glibenklamidi, visimezwe asubuhi atakayokaa na njaa. Na kwa figo zake ningependa daktari wa sukari amwondolee glibenklamidi kabisa.

Asprini, klopidogreli na atovastatini asiache hata siku moja. Nimeona familia zikisimamisha dawa zote "ili mwili upumzike", na hizi tatu ndizo zinazoushika mshipa wake wazi. Losatani na enalapili, dawa za presha, wataalamu wenyewe hawajakubaliana kama zisimamishwe siku ile. Muulize daktari atakayempima, msiamue nyumbani. Furosemidi, dawa ya kukojoza, vilevile.

Sasa maji, na hapa ndipo safari ya Mpemba inapotofautiana na ya mtu wa Kariakoo. Bimkubwa atapanda boti Mkoani, atashuka Unguja, kisha boti nyingine hadi Dar es Salaam. Wakati wa kusi, bahari ya Nungwi inavyorusha, wengi hukataa kunywa tangu usiku ili wasitapike, wengine hujizuia wasihangaike na choo cha boti, na waliokunywa hutapika. Akifika anaambiwa asile kitu kuanzia usiku wa manane. Huyo anaingia kwenye kipimo mwili umekauka tangu siku moja na nusu nyuma, na hilo haliandikwi kwenye faili lolote. Kwa hiyo msiondoke siku ya mwisho. Fikeni angalau siku moja kamili kabla, ikiwezekana mbili, na siku hiyo iwe ya kupumzika na kunywa. Mpeni dawa ya kuzuia kichefuchefu kabla ya boti, kwa ushauri wa mfamasia. Akitapika sana, mwambieni daktari asubuhi ile kwa maneno haya haya: ametapika, hajanywa. Kipimo kisicho cha dharura kinaweza kungoja siku moja.

Anywe kiasi gani? Kama miguu haijavimba, hahitaji mito mitatu ili alale na hajaambiwa moyo wake umelegea, lita moja na nusu hadi mbili kwa siku, kidogo kidogo, siku mbili kabla na siku mbili baada. Kama moyo umelegea, kiasi hicho kinaweza kumjaza maji mapafuni. Hapo apangiwe na daktari. Ulizeni pia mwisho wa kunywa ni saa ngapi, kwa sababu chakula na maji si kitu kimoja. Kawaida chakula huzuiwa kwa muda wa saa sita kabla ya kipimo, lakini maji matupu wagonjwa wengi huruhusiwa hadi saa mbili kabla. Na kwa kuwa ana sukari, ombeni awe wa mwanzo kwenye orodha.

Asifunge. Najua wengi wa rika lake hawaachi Jumatatu na Alhamisi, na ikiwa tarehe itaangukia Ramadhani atataka kujikaza. Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa baadaye, na hili ni la figo hasa. Akisitasita, mpelekeni kwa sheikhe anayemwamini akasikie mwenyewe.

Na madafu. Pemba kila mtu atakwambia mpe madafu, yanasafisha figo. Kwa mwenye figo nzima hayana neno. Lakini lita moja ya maji ya dafu ina zaidi ya gramu moja na nusu ya potasiamu, na figo za 37, hasa akiwa anameza losatani au enalapili, hazina uwezo wa kuitoa haraka. Potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama ghafla. Dafu moja safarini sitaligombania. Madafu matano kwa siku badala ya maji, hapana. Maji ya kawaida yanatosha.

Akishalazwa atawekewa dripu ya maji ya chumvi, ya 0.9%. Kiasi kilichozoeleka ni mililita moja kwa kila kilo ya uzito kwa saa, kwa saa 12 kabla na 12 baada. Mwenye kilo 70 anapata mililita 70 kwa saa. Muda ukiwa mfupi hupewa mililita 3 kwa kilo katika saa moja kabla, kisha huendelea taratibu kwa muda wa saa nne hadi sita baada ya kipimo. Moyo ukiwa dhaifu hupunguzwa kwa nusu. Njia ninayoipenda zaidi ni iliyojaribiwa California na kuchapishwa mwaka 2014: mrija ukishafika ndani ya moyo daktari hupima shinikizo la humo, na kwa namba hiyo anajua moyo huu unaweza kupokea maji ya kasi au ya polepole. Waliopewa maji kwa njia hiyo walioumia figo walikuwa 6.7%, wenzao wa dripu ya kawaida 16.3%. Haihitaji chombo kipya, mrija umeshafika.

Haki inanitaka niseme kwamba dripu yenyewe ina ubishi. Mwaka 2017 Waholanzi wa Maastricht walichapisha utafiti wa watu 660 wenye figo za kati ya 30 na 59, nusu wakapewa dripu, nusu wasipewe, na figo zao hazikutofautiana, ila 5.5% ya waliopewa walipata matatizo ya maji hayo. Mimi siutumii utafiti huo kumnyima dripu mgonjwa mwenye 37, mwenye sukari, anayepigwa dawa ndani ya mishipa ya moyo na aliyetoka baharini. Nautumia kukumbusha kwamba maji nayo ni dawa, yana kipimo.

Vitu ambavyo msivinunue: vidonge vya asetilisisteini na dripu ya bikaboneti kwa ajili ya kulinda figo. Vilitumika kwa miaka, kisha mwaka 2018 likachapishwa jaribio la watu karibu 5,000 wa Marekani, Australia, Malaysia na New Zealand, wengi wao wenye sukari na figo dhaifu kama bimkubwa. Asetilisisteini haikushinda kidonge kitupu, wala bikaboneti haikushinda maji ya chumvi. Kusafishwa damu mapema "ili dawa itoke" nako hakujaonesha faida. Akitokea mtu akakuuzia kimojawapo kwa bei kubwa, hela hiyo iwekeni kwenye nyumba ya kufikia kwa siku mbili za ziada.

Yaliyo mikononi mwa daktari mnaweza kuyauliza kwa adabu, na daktari mzuri hachukii. La kwanza ni kiasi cha kontrasti. Kanuni tunayoitumia ni kutovuka mara tatu ya kiwango cha figo, na kwa bimkubwa hiyo ni mililita 111. Ikibaki karibu na 74, mara mbili, ni bora zaidi. Kipimo peke yake mikononi mwa mzoefu huweza kuisha chini ya hapo. Stenti huongeza, mara nyingi jumla hufika 100 hadi 200. Ndiyo maana mimi sipendi ahadi ya "papo hapo" kwa mtu wa namna yake. Mwambieni daktari: kama mshipa haumtishii leo, apimwe kwanza, figo zichunguzwe, stenti iwekwe siku nyingine. Najua maana yake ni gharama ya kurudi au kukaa wiki nzima mjini, wala sisemi ni jambo dogo kwa mtu wa Wete.

La pili, picha ya chumba kikuu cha moyo kwa kontrasti isipigwe kama ameshafanyiwa kipimo cha moyo cha mawimbi ya sauti, eko, ambacho hakitumii dawa hiyo. Beba majibu ya eko. La tatu, aina ya dawa: iwe yenye ukolezi mdogo au ulio sawa na damu, si zile za zamani zenye ukolezi mkubwa. La nne, mrija upite mkononi ikiwezekana, hupunguza kutoka damu na pia huumiza figo kidogo kuliko paja. Hapa mimi wa figo naongeza neno: upite mkono wa kulia kama anatumia wa kulia, na mishipa ya mkono wa kushoto isichomwechomwe kanula, sindano ya dripu, ovyo, kwa sababu ikiwa miaka ijayo atahitaji kusafishwa damu, mkono huo ndio utakaotengenezewa njia.

Kuhusu kamba: aliyekudokeza amekosea, ingawa wapo hata wahudumu wa afya wanaosema hivyo. Anayevimba kwa kamba au pweza mwili wake unagombana na protini ya kiumbe yule, si iodini. Hatari yake kwa kontrasti haizidi ya mtu mwenye mzio wa chakula kingine chochote. Mtajieni daktari, lakini kisiwe sababu ya kufuta safari. Swali lenye maana ni hili: je, amewahi kupigwa kontrasti yenyewe akavimba au akashindwa kupumua? Ikiwa ndiyo, wajue kabla.

Limebaki ambalo kwa wagonjwa wa visiwani hupotea mara nyingi kuliko yote: damu ya baada. Kreatinini ipimwe kati ya saa 48 na 72 baada ya kipimo. Akifanyiwa Jumanne, damu itolewe Alhamisi au Ijumaa asubuhi. Wengi siku hiyo wako ndani ya boti wanarudi, wamefurahi moyo umetulia, na hakuna anayewapima tena. Ama mbaki Dar es Salaam au Unguja mpaka ipimwe, ama kabla ya kuondoka Pemba uulizeni Wete, Chake Chake na Abdalla Mzee kule Mkoani ni wapi vitendanishi vya kreatinini vipo wiki hiyo. Msidanganywe na mkojo: figo zilizoumizwa na kontrasti mara nyingi huendelea kutoa mkojo kama kawaida.

Ikirudi 138 au karibu yake, metfomini irudishwe kwa ruhusa ya daktari na maisha yaendelee. Ikifika 165 au kupita, asingoje tarehe ya kliniki. Aonwe siku hiyo hiyo, na damu irudiwe kila baada ya siku moja au mbili mpaka ianze kushuka. Akivimba miguu, akikosa pumzi akilala, akitapika mfululizo au mkojo ukikauka, hospitali usiku huo huo. Hata ikiwa sawa, ipimwe tena baada ya wiki mbili, kisha kila baada ya miezi mitatu, kwa sababu 37 yenyewe ni ugonjwa wa figo unaohitaji kliniki yake, kontrasti au bila kontrasti. Mpe salamu zangu bimkubwa, na akishapimwa niandikie namba zote mbili, ya kabla na ya baada, pamoja na mililita walizotumia. Daktari huziandika kwenye ripoti, mkiiomba mtapewa.